Taka Zina Wenyewe

Basi la Lamu lilitoka Mombasa kabla jua halijapanda, na tulipofika Malindi mimi na jirani yangu wa kiti tulikuwa tayari kama watu wa nyumba moja. Alikuwa mama wa makamo, anakwenda Witu kwenye harusi ya binti wa dada yake. Alinipa mahamri mawili kutoka kwenye kitambaa, yangali na joto la karai, na nilipotaka kumlipia chai alikataa katakata. Mama wa namna hiyo hukai naye saa tatu usijihisi mwanawe.

Garsen tulikuta jua kali. Vijana walituuzia maji kupitia madirishani, kila mmoja akanywa kama aliyetoka jangwani. Hatujafika mbali na daraja la Mto Tana, mama akamaliza maji yake, akasukuma kioo, akaiachia chupa nje. Hakutazama ilikoangukia. Mimi nilitazama. Iligonga lami, ikaruka mara mbili, ikatulia kwenye majani makavu kando ya barabara, pamoja na nyingine zilizotangulia. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Ningemwambiaje mtu aliyenilisha asubuhi ile, tena aliyenizidi umri? Nilinyamaza hadi aliposhuka Witu, akaniombea safari njema, nami nikamtakia harusi ya heri. Lakini kimya changu kilishuka nami Mokowe, kikapanda nami mashua, kikaingia nami Amu, yaani mji wa Lamu.

Nilikuwa nimealikwa. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu anafundisha shule moja ya msingi mjini Amu, naye ndiye mlezi wa klabu ya mazingira ya wanafunzi. Miezi mingi alikuwa akiniambia: njoo Jumamosi moja uone wanavyofanya, usisubiri kusimuliwa. Safari hii nilikwenda. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, na bahari kati ya Mokowe na Amu ilikuwa na vijiwimbi vifupi vilivyoturushia maji ya chumvi usoni njia nzima.

Amu ni mji wa miguu na punda. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akija, wewe ndiye unayejibanza ukutani. Mwaka 2001 mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na sifa zake zimeandikwa sana: milango ya nakshi, madaka, nyumba za mawe ya matumbawe. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba mji umekaa kwenye mteremko. Vichochoro vinashuka kutoka juu kuelekea pwani, na mifereji ya maji inashuka navyo. Kanga ikidondoshwa juu ya mji, mwenyewe ataiokota. Karatasi ya peremende ikidondoshwa pale pale, mvua ya kwanza itaifikisha baharini.

Jioni ile, baada ya Isha, rafiki yangu alinipeleka kwenye baraza ya mzee mmoja jirani yake, mwenye punda wawili wa kubebea mchanga na mawe ya ujenzi. Nilimuuliza mzee taka za mji zilikwenda wapi alipokuwa mtoto. Alifikiri kidogo. “Jaani,” alisema. “Lakini jaa la wakati ule lilikuwa likila.” Akanihesabia kwa vidole: vifuu, majivu, mifupa ya samaki, maganda ya ndizi, makuti yaliyochakaa. Mbuzi alichukua chake, kuku akachukua chake, mchwa na mvua wakamaliza. Baada ya miaka unakwenda pale pale unachota udongo mweusi wa kupandia mkunazi. “Sasa jaa halili tena. Unalitupia kitu leo, unakikuta mwakani vile vile.”

Nililala nikiifikiria kauli hiyo. Wazee wetu hawakuwa wasafi kutushinda kwa tabia. Kufagia ukumbi na kumwaga jaani ndivyo walivyofanya wao, na ndivyo tunavyofanya sisi. Kilichobadilika ni kitu chenyewe kinachomwagwa. Desturi ni ile ya kifuu, lakini mkononi tumeshika plastiki.

Asubuhi ya Jumamosi nilitangulia Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Watoto walikuja wawili wawili, wa gredi ya nne hadi ya sita, wasichana na hijabu zao nyeupe za shule, wavulana na kofia. Walikuwa kama thelathini. Glavu walizopewa zilikuwa za watu wazima. Ncha za vidole zilining'inia tupu, na mtoto mmoja alizifunga kwa uzi kwenye viganja zisimvuke. Mwalimu alisoma masharti kabla hajagawa viroba: usiguse kigae cha chupa, usiguse sindano, usiguse pampasi. Ukiona kimojawapo, inua mkono, mtu mzima aje. Kisha akagawa kitu ambacho sikukitarajia. Kila kundi lilipewa daftari moja, na kila daftari lilikuwa na karani wake.

Niliomba kuona. Ukurasa ulikuwa umechorwa safu tatu kwa rula. Ya kwanza iliandikwa “Kitu”, ya pili “Idadi”, na ya tatu “Ya nani”.

Rafiki yangu alinieleza asili ya safu ile ya tatu. Siku ya kwanza walipofanya usafi, watoto walijaza viroba, wakapigwa picha, wakapongezwa. Jumamosi iliyofuata walirudi njia ile ile wakaikuta kama hawajawahi kuigusa. Mtoto mmoja wa gredi ya nne akamuuliza: “Mwalimu, hizi ni za nani?” Alikuwa hajui kulalamika kwa maneno ya wakubwa, kwa hiyo aliuliza swali alilolizoea darasani kila kalamu inapookotwa sakafuni. Mwalimu hakuwa na jibu. Wakaamua kulitafuta.

Tuliingia Langoni kwa vichochoro. Kundi nililofuatana nalo lilikuwa na karani binti wa miaka kumi hivi, mwenye sauti ndogo na mwandiko mkubwa. Mbele ya duka moja waliokota karatasi za biskuti, vijifuko vya kachiri na vifuniko vya soda, vyote ndani ya hatua nne kutoka mlangoni. Binti alivihesabu, akaandika, kisha akasogea kwenye kaunta.

“Salaam aleikum, ami.”

“Waaleikum salaam, mwanangu. Wataka nini?”

“Karatasi hizi zimetoka dukani kwako?”

Mwenye duka alizitazama. Hakukasirika. “Mimi nauza tu, mwanangu. Mwenye kutupa si mimi.”

Binti hakubishana naye. Alisimama tu na kalamu yake juu ya safu ya tatu, akisubiri aambiwe aandike nini. Nilihesabu pumzi zangu. Nilitamani kuingilia kati, nimwokoe yeye au nimwokoe yule mtu mzima, sijui. Mwishowe mwenye duka aliinama chini ya kaunta, akatoa dumu tupu la mafuta ya kupikia la lita 20, akalikata kichwa kwa kisu cha mkate, akaja kuliweka kizingitini. “Haya,” alisema. “Andika: za duka. Na uandike pia kwamba pipa lipo.” Binti akaandika yote mawili, akasema ahsante ami, akaendelea na njia.

Hapo nilikumbuka daraja la Mto Tana. Heshima niliyoiogopa kuivunja ndani ya basi, mtoto huyu alikuwa ameitumia. Alianza na salamu, akamwita mtu kwa jina la udugu, akauliza asishutumu, akanyamaza kumpa nafasi. Mimi nilidhani adabu ni kunyamaza. Kumbe adabu ni njia ya kusemea.

Hatua chache mbele, mvulana mmoja alipiga magoti kwenye mfereji akatoa vijifuko virefu vyembamba vya nailoni, vya barafu ya ukwaju, vingine vikiwa bado na rangi nyekundu kwenye pembe. Barafu hizo huuzwa nyumba ya karibu na shule wakati wa mapumziko. Karani aliuliza: “Ya nani?” Mvulana alivigeuza mkononi, akawatazama wenzake. Nilidhani atasema za watu. “Zetu,” alisema. Hakuna aliyecheka. Binti akaandika “Zetu”, na mstari wa chini yake akaandika “Zetu” tena, kwa sababu chini ya vile vijifuko palikuwa na vingine.

Jua lilipopanda, bahari ilikuwa imekupwa. Tulishuka pwani tukafuata ukingo wa maji kuelekea kijiji cha Shela, mahali mwani mkavu ulipochora mstari baada ya bamvua. Hapa taka zilikuwa za aina nyingine. Vipande vya nyavu, kamba za nailoni, maboya yaliyopasuka, na ndara. Kila mji una jina lake la kitu hiki: Mombasa husikia ndara au champali, Dar es Salaam husikia kandambili au malapa. Baharini zote huwa kitu kimoja, mguu mmoja bila mwenzake, mkanda umekatika, soli imeota ukoga.

“T'upa!” alipiga kelele mtoto mmoja. Watu wa Amu huiita chupa hivyo, t'upa, kwa pumzi kidogo baada ya herufi ya kwanza. Pumzi hiyo ikikosekana neno huwa tupa, la kutupa. Sikio langu la Mombasa lilihitaji kutega sana. “T'upa hizi watu hutupa tu,” mtoto alisema, na katika midomo yake kitu na kosa vilitengwa na pumzi nyembamba kama uzi. Chupa yenyewe ilikuwa na maandishi ya Kiindonesia. Ilikuwa imevuka Bahari ya Hindi, ikasukumwa na mikondo ya bahari, ikaja kulala kwenye mwani wa Amu. Karani aliikodolea macho. Katika safu ya tatu aliandika “Za mbali”. Kisha akaniuliza: “Ami, na zetu nazo huenda kwao?” Nilimwambia kwamba bahari haina upande mmoja. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa deni.

Watoto wa pwani hii wana historia na ndara hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kaskazini mwa visiwa vya Lamu, huko Kiwayu, ndara zilizosukumwa na bahari zilikuwa zimejaa ufukweni hadi kusumbua kasa wanaopanda kutaga. Watoto wa kijiji walikuwa wakizichonga wakatengeneza vitu vya kuchezea. Julie Church, mhifadhi wa bahari aliyefanya kazi eneo hilo, aliwaona, naye akawatia moyo kina mama zao kuzikusanya, kuziosha na kuzikata ziwe bidhaa za kuuzwa. Kazi hiyo ilikua ikazaa kampuni ya Ocean Sole, ambayo sanamu zake za twiga na tembo wa rangi rangi sasa zinauzwa nchi nyingi. Wanaoisimulia huanza na kampuni. Mimi ningeanza na mtoto wa Kiwayu aliyeketi mchangani na kisu, akaona gari ndani ya kandambili iliyokufa.

Na Amu yenyewe ndiko lilikozaliwa jahazi la Flipflopi. Fundi Ali Skanda na wenzake waliliunda kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, wakayeyusha, wakatengeneza mkuku, mataruma na mbao, kisha wakaunga kwa ufundi wa jahazi la kawaida. Ndara takriban 30,000 zikalipamba nje. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar, likitia nanga njiani kuzungumza na wanafunzi na wanavijiji. Watoto niliofuatana nao wanalijua kama watoto wa mahali pengine wanavyoijua timu ya mpira. Mmoja aliniambia kwamba akiokota ndara ya rangi ya buluu huiweka kando, “huenda fundi akaihitaji.”

Karibu na matuta ya mchanga ya Shela tulipumzika. Mwalimu aliwaambia wachimbe kidogo kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, wa chini ukaanza kuwa na ubaridi. Matuta haya ndiyo kisima cha Amu: mvua inanyesha juu yake, inachujwa, inakaa chini, na visima vyake ndivyo vinavyonywesha mji. Mtoto anayezika taka mchangani hapa anazika kwenye mtungi wa nyumbani kwao. Mwalimu hakuongeza neno. Watoto walifukia mashimo yao kwa uangalifu, na mvulana mmoja akafukua kipande cha nailoni alichokiona pembeni, akakitia kirobani.

Shuleni, kabla ya kuachana, waliketi chini ya mwarobaini wakajumlisha madaftari. Mwalimu aliandika ubaoni: Za duka, Za nyumbani, Za wavuvi, Za mbali, Zetu. Chini ya kila kichwa walitaja idadi. Safu ya “Za mbali”, ambayo mimi ningeapa ndiyo kubwa, ilikuwa fupi kuliko zote. “Zetu” na “Za nyumbani” zilishuka hadi chini ya ubao. Palikuwa kimya. Mwalimu aliwauliza wafanye nini na ubao huo, wakaafikiana mambo mawili: mwenye kununua barafu arudishe kijifuko kwa mama anayeuza, na barua iandikwe kwa wenye maduka ya njia ya shule, kuwaomba madumu ya mlangoni kama lile la Langoni.

Nilipewa nafasi ya kusema, nikawaeleza kwamba swali lao limefika mbali kuliko walivyojua. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na kuvunja sheria hiyo kunaweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini mfuko ulipoondoka, chupa na vijifuko vya vitafunio vilibaki. Ndipo ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zitenganishwe tangu chanzo, na inayomtaka anayeingiza bidhaa sokoni awajibike pia kwa kinachobaki bidhaa ikishatumika. Yaani sheria ya nchi nayo imechora safu ya tatu, ikaanza kuandika majina. Mvulana wa barafu aliinua mkono: “Kwa hiyo mwenye kiwanda naye ni mwenyewe?” Nikamjibu kwamba ndiyo, naye ni mwenyewe, na siku moja yeye mvulana atakwenda kumuuliza kwa salamu, kama dada yake alivyomuuliza mwenye duka.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba hadithi hii inaishia kwenye sifa za watoto. Sifa ni rahisi. Tunawapigia makofi wakiinama, kisha tunawaachia mgongo wa kuinama. Viroba 11 walivyojaza vilipangwa ukutani mwishoni mwa kichochoro, mkokoteni uje kuvichukua alasiri. Alasiri ikapita, Magharibi ikaingia, mkokoteni haukuja. Nilipotoka msikitini nilikuta punda wawili wasio na mtu wamekwisha kutoboa kiroba cha kwanza. Mmoja alikuwa akitafuna kijifuko kilichokuwa na masalio ya wali, akikivuta kwa midomo, nailoni ikinyooka kama ulimi wa pili. Punda wa Amu hufa kwa hilo. Plastiki hujisokota tumboni, chakula hakipiti, na mnyama anayebeba mji mzima mgongoni hufa kwa maumivu ya siku nyingi. Nilimpokonya, nikavisogeza viroba ndani ya ua wa rafiki yangu, mikono ikinitetemeka kwa hasira nisiyojua pa kuipeleka.

Alfajiri ya Jumapili niliamka kujiandaa na mashua ya kwanza. Nilipofungua mlango nilimkuta mzee wa barazani amesimama uani, na punda wake mmoja amevikwa shogi. Alikuwa tayari ametia viroba viwili, kila upande kimoja, na anafunga cha tatu juu kwa kamba ya makumbi.

“Wana wameokota,” alisema bila kunitazama. “Wewe umelinda usiku. Hapana budi mtu abebe.”

Alikuwa anavipeleka kwenye karakana inayopokea plastiki, mahali inaposagwa na kugeuzwa mbao na viti. Alihesabu kwamba itamchukua safari nne. Nilimsaidia kufunga kamba. Punda alisimama kimya, masikio nyuma, amebeba mbavuni vitu vile vile ambavyo jana vingeweza kuingia tumboni mwake. Kisha mzee akamgusa shingoni, wakashuka kichochoro pamoja, viroba vikikwaruza kuta huku na huku kwa wembamba wa njia.

Nilipanda mashua na basi siku ile ile. Witu lilipanda kundi la vijana waliotoka harusini, huenda ile ile ya jirani yangu wa juzi, wanaimba, wana soda na karanga. Karibu na daraja la Mto Tana kijana aliyeketi mbele yangu alisukuma kioo, chupa mkononi.

“Salaam aleikum, ndugu yangu,” nilisema. “Hiyo ni yako?”

Aligeuka, mkono bado dirishani. Sikuongeza neno. Nilinyoosha kiroba nilichokuja nacho kutoka Amu, mdomo wazi, nikasubiri.